Gongo na Kanzu: Makasisi Waliocheza Kriketi

Maswali ya mwezi huu yote ni ya kriketi ya Uingereza enzi za Malkia Victoria, na hasa ya wale vijana waliotoka uwanjani wakaingia kanisani. Tumechagua barua tano, kila moja kutoka pembe yake ya mji wa Mombasa, kwa sababu jibu la moja linafungua nyingine.

SWALI: Waheshimiwa wahariri, shikamooni. Ninayo nakala ya karatasi ya alama ya mechi ya Uingereza na Australia, uwanja wa Oval, London, Agosti 1882. Nimejaribu kulinganisha ova za mrushaji wa Australia, F. R. Spofforth, na za warushaji wa leo, hesabu hazielekei. Tena wachezaji wengine wa Uingereza wameandikwa "Mr" na herufi za majina yao, wengine jina la ukoo tupu. Je, mchapaji alikosea? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Marahaba. Mchapaji hana kosa. Ova, yaani fungu la mipira anayorusha mrushaji mmoja mfululizo, mwaka 1882 ilikuwa ya mipira minne. Uingereza iliendelea hivyo hadi 1888, ikaingia ova ya mipira mitano mwaka 1889, na ile ya sita tunayoijua ilianza 1900. Kwa hiyo usilinganishe chochote kabla hujazigeuza ova kuwa mipira.

Tumchukue huyo huyo Spofforth. Zamu ya kwanza ameandikiwa 36.3, maana yake ova 36 kamili na mipira mitatu juu yake. 36 mara 4 ni 144, ongeza 3, unapata mipira 147. Igawe kwa 6: ova 24 na mipira 3 za siku hizi. Zamu ya pili ova 28, yaani mipira 112, leo ni ova 18 na mipira 4. Kwa jumla alirusha mipira 259, akatoa mikimbio 90, ndizo alama za wapigaji (46 kisha 44), akaangusha wiketi 14, yaani aliwatoa wapigaji 14, saba kila zamu. Wengi huteleza kwenye ile nukta, wakaisoma kama desimali. Nukta pale inatenga ova na mipira, basi. Ukiiingiza kwenye kikokotoo kama ilivyo, utapata jibu la uongo.

Angalia pia ova ambazo hakutoa mkimbio hata mmoja: 18 kati ya zile 36, na 15 kati ya zile 28. Ni kazi kubwa, lakini kumbuka kumfunga mpigaji kwa mipira minne ni rahisi kuliko kwa sita, hivyo usiziweke kwenye mzani mmoja na za leo.

Sasa majina. "Mr" na herufi ni alama ya mchezaji wa ridhaa. Jina tupu ni la mchezaji wa kulipwa. Katika kikosi hicho cha Uingereza wa ridhaa walikuwa sita: Grace, Hornby, Lucas, Lyttelton, Steel na Studd. Wa kulipwa walikuwa watano: Barlow, Ulyett, Read, Barnes na Peate. Mchezaji wa ridhaa hakupewa ujira, ila gharama za safari na malazi. Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa mbalimbali, na viwanja vingi hata lango la kuingilia kuchezea halikuwa moja. Tofauti hiyo haikufutwa rasmi hadi mwishoni mwa 1962. Tunaona ilikuwa dhuluma kwa watu waliokuwa wakipokea mipira ile ile kifuani, lakini huwezi kuisoma karatasi ya zamani bila kuijua.

Makasisi utawakuta karibu wote upande wa ridhaa, kwa sababu njia ya ukasisi ilipita Oxford na Cambridge, na mtoto wa mchimba makaa hakufika huko. Jina la kasisi huandikwa "Rev." mahali pa "Mr". Lakini karatasi ya alama huonyesha cheo cha siku ile ya mechi tu. Aliyekuwa "Mr" mwaka 1878 anaweza kuwa "Rev." miaka michache baadaye, na ukadhani ni watu wawili.

SWALI: Mzee mmoja wa kanisa letu husema Mchungaji C. T. Studd, mcheza kriketi mashuhuri wa Uingereza, alipita njia ya huku kwetu akienda Kongo. Ni kweli? Na nini kilimfanya aache mchezo? (Msomaji, Kongowea, karibu na Kengeleni)

JIBU: Mzee ana haki katika lililo kubwa. Marekebisho ni moja: Charles Thomas Studd hakuwahi kuwekewa mikono kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Alikuwa mmisheni mlei. Katika wale vijana saba wa Cambridge walioondoka Uingereza kwenda China Februari 1885, aliyekuwa kasisi tayari ni William Cassels, ambaye mwaka 1895 alifanywa askofu huko huko China Magharibi. Ukiona "Rev. C. T. Studd" kwenye maandishi ya siku hizi, ujue mwandishi amedhania.

Studd alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860, Spratton, jimbo la Northamptonshire. Baba yake, Edward, alitajirika kwa kilimo cha nili India, akarudi nyumbani kufuga farasi wa mashindano. Farasi wake Salamander alishinda Grand National, mbio mashuhuri za farasi, mwaka 1866. Kisha mhubiri wa Kimarekani D. L. Moody akaja Uingereza, Edward akamsikiliza, akaachana na farasi. Watoto waliona mabadiliko hayo ndani ya nyumba yao kabla hawajayasikia mimbarini.

Kwenye mchezo ndugu watatu wa nyumba hiyo walipokezana unahodha wa Cambridge: George mwaka 1882, Charles 1883, Kynaston 1884. Charles alifikisha mikimbio 1000 na wiketi 100 katika msimu wa 1882, akarudia 1883. Hao Waaustralia wa 1882 aliwapiga "mia", yaani mikimbio 100 au zaidi katika zamu moja, mara mbili kabla ya mechi ya Oval: 118 akiwa na Cambridge na 114 akiwa na klabu ya MCC ya London.

Ndiyo maana siku ya tarehe 29 Agosti inauma hadi leo kwa anayeujua mchezo. Uingereza ilihitaji mikimbio 85 ishinde. Ilifika 51 kwa wiketi mbili tu zilizoanguka. Hapo Spofforth akakaza, na nahodha Hornby akapangua safu ya wapigaji. Studd, mwenye mia mbili zake dhidi ya warushaji hao hao, akashushwa hadi nafasi ya 10. Alipoingia, wenzake walikuwa wakidondoka kama embe za kaskazi. Ikafika 75 kwa tisa. Akaingia Peate, mtu wa mwisho, mrushaji asiyetegemewa kwa kupiga. Studd alisimama upande wa pili wa kiwanja, gongo mkononi, akimtazama Peate akifyatua mipira ya Boyle, mrushaji mwingine wa Australia. Peate alipata miwili, akatolewa. Jumla 77. Uingereza imeshindwa kwa 7, na Studd hakupigiwa hata mpira mmoja. Karatasi inamwandikia 0, hakutolewa. Wanaosoma haraka humhesabia sufuri hiyo kama kushindwa. Isome pamoja na neno lililo mbele yake. Sufuri ya zamu ya kwanza, hiyo ndiyo yake kweli: Spofforth aliziangusha nguzo zake.

Kutoka mechi hiyo ndiyo ikazaliwa dhihaka ya majivu (Ashes), kana kwamba kriketi ya Kiingereza imekufa na kuchomwa. Miezi michache baadaye Studd alikwenda Australia na kikosi cha nahodha Ivo Bligh, pamoja na ndugu yake George. Kile chombo kidogo cha udongo walichorudi nacho, kirefu kama sentimita 11 tu, kina kipande cha karatasi cha shairi ubavuni, na jina la akina Studd limo.

Kilichomgeuza ni ugonjwa. Baada ya safari hiyo George aliugua sana, nusura afe, na Charles aliyekuwa akimwuguza aliona umaarufu wote wa uwanjani haumfai mtu aliye kitandani. Mwaka uliofuata alikuwa akijiandaa kwa China. Huko alipotimiza miaka 25 akapata urithi wa baba, na tarehe 13 Januari 1887 akatoa hundi nne za pauni 5,000 na tano za pauni 1,000. Hizo ni pauni 25,000 kwa siku moja, wakati mshahara wa kibarua wa shamba Uingereza haukufika pauni 50 kwa mwaka. Miongoni mwa waliopelekewa ni Moody, na George Müller aliyelea mayatima Bristol. Sehemu iliyobaki mwishoni, pauni 3,400, alimpa mchumba wake Priscilla Stewart, waliyefunga ndoa mwaka 1888. Bibi huyo naye akataka igawiwe.

Baada ya China alihudumu India, Ootacamund, kuanzia 1900 hadi 1906. Safari ya Kongo ilikuja 1913, akiwa na miaka 52 na afya mbovu, pamoja na kijana Alfred Buxton. Walipita Kenya na Uganda hadi Ziwa Albert, na lango la njia hiyo lilikuwa Mombasa: reli kutoka hapa ilikuwa imefika Kisumu tangu mwisho wa 1901, na kutoka Kisumu abiria alivuka ziwa kwa meli. Oktoba walifika Niangara. Alirudi Uingereza mara moja tu, kisha akabaki Kongo hadi kufa kwake Ibambi tarehe 16 Julai 1931. Jambo moja ambalo wasomaji wa Kiswahili wanastahili kulijua: alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo. Miaka ya mwisho ya maisha ya mpigaji huyu wa shule ya Eton ilipita ndani ya lugha yetu.

SWALI: Nasomea theolojia na ninaandika kuhusu wanamichezo walioingia ukasisi kati ya 1850 na 1900. Nitahakikishaje kwamba mtu fulani aliwekewa mikono kweli, na alipitia hatua gani? (Mwanafunzi, Mvita)

JIBU: Anza na kitabu cha orodha ya makasisi kiitwacho Crockford, kilichotoka mara ya kwanza 1858. Chini ya kila jina utaona *d* na mwaka, ndio ushemasi. Kisha *p* na mwaka, ndio ukasisi. Baada ya miaka hiyo hufuata kifupi cha dayosisi, mara nyingi kwa Kilatini: Cantuar ni Canterbury, Ebor ni York, Oxon ni Oxford. Kisha kazi zake: C ni kasisi msaidizi, V na R ni makasisi wenye parokia. Asiyekuwa na *d* wala *p* hakuwa kasisi, hata gazeti liseme nini.

Tahadhari ni mbili. Baba na mtoto mara nyingi wana jina moja na wote ni makasisi, basi linganisha chuo na mwaka wa digrii. Na mtu mwenye *d* bila *p* alibaki shemasi. Wapo waliosita hapo wakaenda ualimu.

Hatua zenyewe zilikuwa hivi. Kwanza digrii. Halafu kijana alitafuta kasisi wa parokia atakayemwahidi kazi ya usaidizi na posho, kwa sababu askofu hakumwekea mikono mtu asiye na pa kwenda. Akakusanya cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa, barua ya tabia kutoka chuo chake, na nyingine iliyotiwa sahihi na makasisi watatu wenye parokia waliomjua. Tangazo lilisomwa kanisani kwao Jumapili, kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kisha mtihani kwa kasisi mtahini wa askofu, na kutia sahihi Vifungu 39 vya imani. Ushemasi haukutolewa kabla ya miaka 23, ukasisi kabla ya 24, na katikati kwa kawaida mwaka mzima. Linganisha miaka hiyo na umri wa mchezaji: ndiyo miaka mguu wake ulikuwa mwepesi kuliko wakati wowote. Msimu mmoja au miwili mtu hupotea kwenye karatasi za alama, na sababu mara nyingi ni hiyo.

Mfano mzuri wa kuufuatilia ni Vernon Royle, aliyezaliwa 1854, Cheshire, akasoma shule ya Rossall na chuo cha Brasenose, Oxford. Aliichezea timu ya jimbo la Lancashire, na sifa yake kuu ilikuwa ulinzi. Alisimama upande wa kulia wa mpigaji, mbele kidogo, pale mpira uliokatwa kwa nguvu unapopita. Alitumia mikono yote miwili sawasawa: mpira ukija kushoto hakuhitaji kugeuka, aliuokota na kuurusha kwa mkono huo huo, na ile nusu sekunde ndiyo iliyowafanya wapigaji waogope kuiba mkimbio upande wake. Alicheza mechi moja tu ya testi (mechi kubwa ya taifa kwa taifa), Melbourne, Januari 1879, na kikosi cha Lord Harris. Humo Spofforth aliangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, jambo lililotokea kwa mara ya kwanza katika mechi za testi, na wa kwanza kati ya hao watatu alikuwa Royle. Baadaye akawa kasisi, lakini kazi yake kubwa ilikuwa shuleni. Alifundisha shule ya Elstree, kisha akawa mkuu wa shule ya Stanmore Park hadi kufa kwake 1929.

Wako wengi kama yeye. Zamani zile wazazi wa shule kubwa walitaka mwalimu mkuu awe na kanzu. Edward Lyttelton, nahodha wa Cambridge ya 1878 iliyoshinda mechi zake zote nane, alipiga 113 dhidi ya Waaustralia mwaka huo huo huko uwanja wa Lord's, London, akawekewa mikono, akaishia kuwa mkuu wa shule ya Haileybury na kisha Eton.

SWALI: Kasisi mwenye parokia alipataje siku tatu za kucheza mechi katikati ya wiki? Na alikula nini? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Mechi za siku tatu zilianza Jumatatu au Alhamisi. Jumapili haikuchezwa. Kwa hiyo kilichomtatiza kasisi ni mechi ya Alhamisi iliyokwisha jioni ya Jumamosi mbali na kwake: ilimbidi awahi garimoshi la mwisho. Mazishi na wagonjwa wa katikati ya wiki aliachiwa msaidizi, aliyemlipa mwenyewe.

Kipato chake hakikutegemea saa za kazi. Alikuwa na nyumba, shamba la kanisa, na zaka. Tangu sheria ya 1836 zaka haikutolewa tena kwa magunia. Ililipwa kwa fedha, kiwango kikifuata wastani wa miaka saba wa bei za ngano, shayiri na oti. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kuanzia miaka ya 1870 nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilijaa Uingereza, bei ikashuka, na kufikia 1901 zaka iliyohesabiwa pauni 100 ilikuwa ikileta takriban pauni 67. Kasisi wa kijiji aliyekuwa akimweka msaidizi akashindwa kumlipa, na asiye na msaidizi hawezi kwenda kucheza Jumatatu hadi Jumatano. Wengine waliendelea, lakini mara chache kila msimu. A. P. Wickham, mdaka mipira wa timu ya jimbo la Somerset na mkusanyaji hodari wa vipepeo, ni mmoja wao. Yeye ndiye aliyechutama nyuma ya nguzo Bristol, Mei 1895, W. G. Grace alipofikisha mia yake ya mia moja na kuendelea hadi 288. Mipira iliyompita Grace ikamfikia Wickham haikuzidi vidole vya mkono mmoja.

SWALI: Shule yetu inataka kuonyesha mechi kwa kanuni za 1882. Vipimo vilikuwaje? (Mwalimu, Likoni)

JIBU: Kutoka nguzo hadi nguzo ni yadi 22, yaani mita 20.12, hapo hapajabadilika. Nguzo zenyewe zilikuwa fupi na nyembamba kuliko za leo: kimo inchi 27 (sentimita 68.6), upana wa zote tatu pamoja inchi 8 (sentimita 20.3). Msinunue mpya, kateni fito za zamani. Mstari wa mpigaji ni futi 4 mbele ya nguzo, mstari wa mrushaji una urefu wa futi 6 na inchi 8, nguzo zikiwa katikati yake. Gongo lisizidi upana wa inchi 4¼ (sentimita 10.8).

Ova mipira minne. Kurusha mkono ukiwa juu ya bega kuliruhusiwa tangu 1864, kwa hiyo hakuna haja ya kuwazuia vijana. Sita hutolewa mpira ukitoka nje ya uwanja wote. Ukivuka mpaka tu ni nne. Timu iliyoachwa kwa mikimbio 80 baada ya zamu ya kwanza lazima ipige tena papo hapo, nahodha hana hiari. Na hakuna kufunga zamu kabla wote hawajatolewa, ruhusa hiyo ilikuja 1889. Wafafanulieni watazamaji mapema jambo hilo, la sivyo watashangaa kuona wapigaji wakijitoa makusudi ili muda utoshe.

Ardhi ya pwani ni mawe ya matumbawe chini ya mchanga kidogo, na mpira ukigonga jiwe huruka usoni. Sawazisheni murramu, mwagieni maji jioni, shindilieni, kisha tandikeni mkeka wa makumbi. Uvuteni pande zote mbili kabla ya kupiga misumari, mmoja kila futi mbili, vichwa vikizama kabisa. Mkeka uliolegea hukunjamana mbele ya mpigaji ifikapo adhuhuri, mdundo ukawa wa uongo.

Gongo la mti wa mwerebi hukauka na kupasuka kwa jua letu. Lipakeni mafuta mabichi ya kitani, kijiko kimoja cha chai, kwa kitambaa, usoni, kingoni na kwenye ncha. Msiguse pale mpini ulipochomekwa, kwa sababu mafuta hulegeza gundi na gongo hung'oka shina kwenye pigo la kwanza kali. Lilazeni chali usiku kucha kivulini, asubuhi lifuteni, rudieni mara moja tu. Likizidi kunywa huwa zito na mpira hufa juu yake.